Dawa Anazo, Lakini Moyo Umechoka

Kopo la dawa linaweza kuwa limejaa, na mwenye kopo akazidi kukonda. Wauguzi wa kliniki wameliona jambo hili mara nyingi. Mgonjwa amepimwa. Amepewa dawa bure. Ameonyeshwa namna ya kuzimeza. Anazo nyumbani, ndani ya sanduku la nguo. Lakini hamezi. Ukimwuliza kwa nini, anajibu, "Nimesahau tu." Au anajibu, "Za nini?"

Jibu hilo la pili ndilo tunalotaka kulieleza leo. Mtu anayesema "za nini?" hakukosa dawa. Wala hakukosa akili. Amechoka moyo. Na kuchoka moyo kwa namna hiyo ni ugonjwa. Una jina lake, una dalili zake, na una matibabu yake. Wataalamu wanauita sonona.

Tulikotoka

Wazee wa Kagera wanakumbuka vizuri. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI hapa Tanzania walijulikana mwaka 1983, na walikuwa wa mkoa huo. Wakati ule watu waliuita ugonjwa huu Juliana, kwa jina la nguo zilizokuwa zikiletwa kwa magendo kutoka Uganda. Ng'ambo ya mpaka, wilayani Rakai, wenzetu waliuita Slim, yaani ugonjwa wa kukonda. Dawa haikuwepo. Mtu akiambiwa anao, alijiandaa kufa, na jamaa zake walianza kumlia angali hai.

Siku hizi mambo ni mengine. Serikali ilianza kutoa bure dawa za kufubaza virusi mwaka 2004. Tangu mwaka 2016, kila anayekutwa na virusi vya UKIMWI (VVU) huanzishiwa dawa, hasubiri mpaka adhoofike. Uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kuwa watu wazima wapatao milioni 1 na nusu wanaishi na VVU. Katika kila watu 100 kati yao, 78 walikuwa na virusi vilivyofubaa. Mtu ambaye virusi vyake vimepungua hata kipimo hakivioni, naye akaendelea kumeza dawa zake, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Hilo limethibitishwa, siyo maneno ya kutiana moyo tu.

Sasa, hao 22 waliobaki je? Wengine hawajapima. Wengine wameanza dawa juzi juzi. Wengine wako mbali na kliniki. Na wengine ni hawa wa "za nini?"

Sonona si huzuni ya kawaida

Kila mtu huhuzunika. Ukifiwa utalia. Mvua ikikatika mahindi yakiwa yanatoa mbelewele, usiku hutalala. Lakini huzuni ya namna hiyo huja, ikapoa, ukarudi shambani.

Sonona haipoi. Inakaa wiki mbili, mwezi, hata mwaka. Mtu hapati usingizi, au analala mno. Chakula hakina ladha mdomoni. Jembe linamshinda, na mikono yake haina kasoro. Hataki tena kukaa na wenzake kibarazani. Mtoto akicheka, yeye hasikii furaha. Anajiona hana thamani, ni mzigo kwa watu wake. Wengine hawasemi habari ya huzuni kabisa. Wanasema kichwa kinauma, mgongo unauma, moyo unakwenda mbio. Wanapimwa malaria, hawana. Wanapewa dawa ya maumivu, wanakwenda. Wiki ya pili wamerudi.

Sisi vijijini tunasema, "Fulani ana mawazo." Ni neno zuri. Tatizo letu ni kwamba tukishalisema tunaishia hapo hapo. Au tunasema amerogwa. Au, mbaya zaidi, tunasema ni mvivu. Na mhudumu akilitaja neno "akili", mgonjwa anaruka: "Kwani mimi ni wa Mirembe?" Mirembe ni hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Dodoma, na wanaofanya kazi pale wanawasaidia watu wengi. Sisi tumeligeuza jina lake kuwa tusi. Ndugu msomaji, mtu mwenye sonona hajapata wazimu. Anajua jina lake, anajua siku ya leo, anajua watoto wake ni wangapi. Kinachomtoka ni ile nguvu ya kutaka kuishi.

Kwa nini ugonjwa huu huwapata zaidi wenye VVU? Sababu ni nyingi, na zinaingiliana. Kuna mshtuko wa siku ile ya majibu. Kuna kuachwa na mume, au mke. Kuna kunyooshewa kidole kisimani. Kuna waliozika mume na mtoto ndani ya miaka michache, na hawakupata nafasi ya kulia kwa sababu kulikuwa na mahindi ya kupalilia. Umaskini nao upo. Pia virusi vyenyewe huingia mpaka kwenye ubongo. Hata dawa zimewahi kuchangia: dawa moja ya zamani, efavirenzi, iliwaletea baadhi ya watu kizunguzungu na ndoto za kutisha. Siku hizi wengi wamehamishiwa dawa mpya yenye dolutegraviri, ambayo haina taabu hiyo kwa kiasi kile. Hata hivyo wako wachache ambao hiyo mpya inawanyima usingizi. Hao wamwambie muuguzi. Huenda akawashauri waimeze asubuhi badala ya usiku.

Na pombe? Pombe ni dawa ya uongo. Jioni inamfanya mtu asahau shida zake, na pamoja na shida anasahau vidonge. Asubuhi shida zipo, vidonge vimepita saa.

Mkulima wa pamba atalielewa jambo hili kwa urahisi. Ukipulizia dawa ya wadudu nusu nusu, wiki hii ndiyo, wiki ijayo hapana, wadudu dhaifu wanakufa na wakali wanabaki. Hao wakali ndio wanaozaa. Msimu ujao unapulizia na wadudu wanakutazama tu. VVU navyo hivyo hivyo. Anayeruka ruka vidonge anavipa virusi nafasi ya kuizoea dawa. Kisha anaugua, na akiugua anazidi kukata tamaa, na akikata tamaa anaruka vidonge zaidi. Mzunguko huo hauwezi kukatwa kwa kumgombeza mtu kliniki. Wako wauguzi wanaogomba sana, na mgonjwa akigombezwa mara mbili, ya tatu haji.

Benchi la mabibi wa Harare

Nchi maskini zina upungufu mkubwa wa madaktari wa akili. Basi nani atawatibu hawa? Jibu moja limetoka Zimbabwe, na inafaa tulieleze kwa kirefu kwa sababu linafanana sana na maisha yetu.

Yuko daktari wa akili anaitwa Dixon Chibanda. Yeye mwenyewe amesimulia hadharani kuwa mwaka 2005 alikuwa na mgonjwa, binti kijana, aliyetakiwa kurudi hospitali kwake. Binti hakuja. Mama yake alikosa nauli, dola 15 tu. Binti akafa kwa kujiua. Chibanda akajiuliza: hospitali inayohitaji nauli ina faida gani kwa asiye na nauli? Kwa hesabu aliyoitoa, madaktari wa akili walikuwa 12 katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 14.

Mwaka 2006 alianza kazi katika mtaa wa Mbare, mjini Harare. Hakupewa manesi, kwani manesi walikuwa na kazi tele. Hakupewa chumba, kwani vyumba vilijaa. Alipewa mabibi 14. Hawa walikuwa tayari wahudumu wa afya wa mji, wakizunguka majumbani kuwaona wagonjwa wa UKIMWI na wa kifua kikuu. Kwa Kishona wanaitwa ambuya utano. Ambuya ni bibi, utano ni afya. Kumbe ni bibi afya, jina lile lile tulilolitumia sisi hapa kwetu!

Mabibi hawa hawakuwa wasomi wakubwa. Waliweza kusoma na kuandika, na waliwajua watu wao. Mafunzo yao hayakupita siku kumi. Na kwa kuwa chumba hakikuwepo, walikaa nje, kwenye benchi la mbao, chini ya mti, ndani ya uwanja wa zahanati.

Mwanzoni Chibanda aliliita benchi la afya ya akili. Watu wakalikimbia. Nani akaonekane pale? Mabibi ndio waliomwambia abadilishe jina. Likaitwa Benchi la Urafiki. Kwa Kishona waliliita chigaro chekupanamazano, maana yake kiti cha kupeana mawazo. Watu wakaja. Na hata jina la ugonjwa mabibi hawakuliazima kwa wazungu. Washona wana neno lao, kufungisisa. Kufunga kwa lugha yao ni kufikiri, siyo kufunga mlango. Kufungisisa ni kufikiri kupita kiasi, mpaka fikra zikamzidi mwenyewe. Ni ule ule "ana mawazo" wetu.

Mgonjwa huulizwa kwanza maswali 14, na jibu ni ndiyo au hapana. Je, wiki hii ulikuwa ukifikiri kupita kiasi? Je, uliota ndoto mbaya? Je, ulitaka kulia? Akijibu "ndiyo" mara nyingi, hupelekwa kwenye benchi. Huko hukutana na bibi mara sita hivi, mara moja kwa wiki.

Wanaongea nini? Tuseme ni mama mmoja muuza nyanya, ameachwa na mume baada ya kupimwa, ana watoto watatu. Mazungumzo, tukiyaweka kwa Kiswahili chetu, yanaweza kuwa hivi:

"Karibu, mjukuu wangu. Nieleze."

"Bibi, sijui nianzie wapi."

"Anza popote. Mimi sina haraka."

Mama anaeleza. Analia. Bibi hamkatizi, wala hasemi "nyamaza". Akimaliza, bibi anayarudia yale aliyoyasikia.

"Kwa hiyo umenitajia kodi ya nyumba, mume aliyeondoka, mtoto aliyerudishwa shuleni kwa ajili ya ada, na dawa ambazo unaogopa jirani asizione. Nimesahau lingine?"

"Hapana, bibi. Ndiyo hayo."

"Katika hayo, lipi tulishike leo? Moja tu."

"La mtoto."

"Haya. Unafikiri unaweza kufanya nini?"

"Labda niende kwa mwalimu mkuu. Nimwombe nilipe kidogo kidogo."

"Utakwenda lini?"

"Jumatano."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi, kabla ya soko."

"Basi Ijumaa uje uniambie alisema nini."

Msomaji utaona kwamba bibi hakumwambia mama la kufanya. Jambo hilo si rahisi kwa bibi! Bibi wa Kiafrika amezoea kutoa amri. Hapa amejifunza kuuliza na kusubiri. Hatua hiyo ya kwanza wanaiita kufungua akili. Ya pili ni kuinua, yaani kumwinua mtu ajione anaweza. Ya tatu ni kuimarisha. Mama akishafanikiwa jambo moja, hata dogo, anapata nguvu ya kushika la pili. Mume hakurudi, ufukara haukuisha, na VVU havikutoka. Lakini mtoto yuko shuleni, na mama ameona kwa macho yake kuwa anaweza kubadili kitu.

Huenda wiki ya tatu akalishika lile la dawa na jirani. Hapo ndipo huduma ya moyo na huduma ya VVU zinapokutana. Na zinakutana kwenye uwanja mmoja, siku moja, kwa nauli moja.

Baadhi ya watu watauliza: je, kuna uthibitisho, au ni hadithi tamu tu? Chibanda na wenzake walilipima jambo hili katika zahanati 24 za Harare, kwa watu 573, na matokeo yalitolewa mwishoni mwa mwaka 2016. Nusu ya zahanati zilikuwa na benchi. Nusu zilitoa huduma ya kawaida iliyoboreshwa kidogo. Baada ya miezi 6, kwenye zahanati za kawaida, watu 50 katika kila 100 bado walikuwa na dalili za sonona. Kwenye zahanati zenye benchi walikuwa 14.

Kuna jambo jingine katika hesabu hizo. Kati ya wale waliohudumiwa, 42 hivi katika kila 100 walikuwa na VVU. Waliobaki hawakuwa navyo. Maana yake ni kuwa ukimwona mtu amekaa pale na bibi, huwezi kujua ana shida gani. Anaweza kuwa na VVU, anaweza kuwa amegombana na mkwewe. Benchi liko wazi machoni pa watu, lakini siri imefichika. Watu wa vijijini tunajua thamani ya jambo hilo. Kliniki ikitenga mlango wa peke yake kwa ajili ya "wale", kijiji kizima kinahesabu wanaoingia.

Mpango huu umevuka mipaka. Umefika Malawi, na umefika pia kwetu Zanzibar.

Majirani wa Rakai

Kabla ya Harare, Rakai walikuwa wameshaanza njia nyingine. Rakai na Masaka, kusini mwa Uganda, ziliumizwa vibaya na UKIMWI. Watafiti walipokwenda huko hawakuanza na vitabu vyao. Waliwauliza wanavijiji: UKIMWI umewaletea taabu gani za moyo? Watu wakataja mbili. Moja ni okwekyawa, kujichukia mwenyewe. Ya pili ni kujihurumia mno. Zote mbili zilifanana na sonona.

Mwaka 2002 vijiji 30 viliingizwa kwenye jaribio. Katika nusu ya vijiji, wale walioonekana wana ugonjwa waliwekwa katika vikundi, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake. Walikutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Viongozi wao hawakuwa madaktari. Walikuwa wenyeji wenye elimu ya sekondari, waliofundishwa kwa wiki mbili. Kila mkutano watu walielezana wiki imekwendaje, nani amefiwa, nani amegombana na nani, na wenzake walimsaidia kutafuta njia. Mtu aliyekuwa akidhani yuko peke yake alimsikia jirani akisema maneno yale yale.

Mwanzoni, katika vikundi hivyo, watu 86 katika kila 100 walikuwa na sonona kamili. Mwishoni walibaki 6 au 7. Tuseme kweli yote: hata katika vijiji ambavyo havikupata vikundi wagonjwa walipungua, kutoka 94 hadi 55. Muda nao unapoza. Lakini 55 na 7 siyo sawa hata kidogo. Na baada ya wiki 16 kwisha, vikundi vingi viliendelea kukutana vyenyewe, bila kuambiwa na mtu.

Daktari wa Chuo Kikuu cha Makerere, Etheldreda Nakimuli-Mpungu, alichukua fikra ya vikundi akaiingiza moja kwa moja ndani ya huduma za VVU. Alifanya hivyo kaskazini mwa Uganda, katika Gulu, Kitgum na Pader, nchi iliyotoka vitani. Wahudumu wa kawaida walifundishwa kuongoza vikundi katika vituo 30. Wagonjwa walikutana mara 8. Walizungumza habari za msiba na vita na aibu, kisha wakafundishwa pia namna ya kujipatia kipato. Hapo naona alipiga mahali penyewe, maana kumwambia mtu mwenye njaa atulize moyo ni kumwonea. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2020 yalionyesha kuwa, miezi 6 baada ya mikutano, hata mtu mmoja katika 100 hakufika kati ya wenye sonona. Wenzao waliopewa masomo ya kawaida ya VVU peke yake walikuwa 28 katika 100.

Katika kliniki zetu

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani, pamoja na shirika la Umoja wa Mataifa la UKIMWI, yalitoa maelekezo kwamba huduma za afya ya akili na huduma za VVU ziunganishwe. Waraka ni waraka. Utekelezaji wake unaanza na maswali mawili ambayo muuguzi yeyote anaweza kuyauliza huku akiangalia kadi yako. La kwanza: katika wiki mbili zilizopita, umekosa hamu ya kufanya mambo uliyoyapenda? La pili: katika wiki mbili hizo, umejisikia mnyonge, mwenye huzuni, au umekata tamaa? Ukijibu "ndiyo", anakuuliza zaidi. Asipokuuliza, mwambie mwenyewe. Sema hivi tu: "Muuguzi, moyo wangu umechoka tangu mwezi uliopita." Atakuelewa.

Kuna jambo moja linalonitia wasiwasi. Siku hizi mgonjwa ambaye virusi vyake vimefubaa hupewa dawa za miezi mitatu, hata sita, kwa mara moja. Ni jambo jema. Nauli inapungua na msimu wa kilimo haukatizwi. Lakini aliyekuwa akionana na muuguzi kila mwezi sasa anaonana naye mara mbili kwa mwaka. Katika miezi sita mtu anaweza kuzama mpaka shingoni. Basi macho ya mhudumu wa afya wa kijiji na ya jamaa wa nyumbani yanahitajika zaidi kuliko zamani.

Kwa wengi, mazungumzo yanatosha. Wengine watahitaji dawa za sonona pia. Ziko dawa kama amitriptilini na fluoksetini. Dawa hizi hazifanyi kazi siku moja kama ya kichwa. Huchukua wiki mbili, nne, hata zaidi kidogo. Watu wengi huziacha siku ya tano wakisema hazifai. Wengine huziacha mara tu wakipata nafuu, na ugonjwa unarudi. Zinamezwa kwa miezi mingi hata baada ya nafuu, na haziachwi ghafla ila kwa maelekezo ya mganga. Wakati huo huo zile za VVU zinaendelea kama kawaida. Vidonge vya amitriptilini vifungiwe mahali ambapo watoto hawafiki, maana vikimezwa vingi ni sumu.

Mwenye kifafa asikilize hapa. Dawa za kifafa kama fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini hupunguza nguvu ya dolutegraviri. Ni lazima kliniki ya VVU ijue kuwa unazimeza, ili wakupangie vizuri. Usiache dawa ya kifafa kwa kuogopa. Sema tu. Na kama unakunywa mizizi ya mganga wa kienyeji, itaje pia.

Mtu akisema anataka kufa, tusimcheke na tusimkemee. Mwulize wazi wazi. Kumwuliza hakumpi wazo hilo. Alikuwa nalo tayari, na kuulizwa kunampunguzia mzigo. Asiachwe peke yake usiku huo. Dawa ya pamba na sumu ya panya vitolewe nyumbani. Kukicha apelekwe zahanati, na akiwa katika hali mbaya msingoje kukicha.

Nani atafanya kazi yote hii? Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha ghafla sehemu kubwa ya misaada yake ya nje. Katika nchi nyingi za Afrika, washauri na wahudumu waliokuwa wakilipwa kwa fedha hizo waliambiwa wakae nyumbani. Wagonjwa walifika kliniki wakakuta kiti kitupu. Benchi la mbao na bibi wa mtaa ule ule havitegemei sana fedha za kutoka mbali. Lakini tusidanganyane: bibi naye anakula. Tumezoea kuwaambia akina mama wajitolee, wajitolee, na mwisho wa mwaka tunawapa fulana. Kijiji kinachotaka bibi akae kwenye benchi siku tatu kwa wiki kipange ni nani atalima shamba lake, au atapewa posho kutoka mfuko gani. Jambo hili liulizwe kwenye mkutano wa kijiji, na jibu liandikwe.

Na wewe unayekaa nyumba moja na mgonjwa, usimwambie "jikaze". Alishajikaza akashindwa. Kaa naye. Mpe kazi ndogo mnayoifanya pamoja, kama kuchambua maharage, au kutembea mpaka kisimani na kurudi. Kuhusu vidonge, vifungeni kwenye jambo la kila siku ambalo halisahauliki. Ziko nyumba zinazotumia taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Redio ikianza tu, kikombe cha maji kiwe tayari mezani, na mtoto mkubwa ndiye wa kukileta.